Bosi asishtukizwe: mwongozo wa kazi ya katibu mahsusi, kutoka Tanga

Huu ni mwaka wa 15 nakaa nje ya mlango wa mkurugenzi. Wamepita watatu, wote hapa hapa Tanga: wawili wa kampuni za mizigo ya bandarini na mmoja wa mkonge. Karibu kila mwaka naletewa binti au kijana aliyetoka chuoni, mara nyingi Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kina kampasi mjini kwetu, aje ajifunze kazi. Anakuja anajua kuchapa, anajua kupanga majalada, na wengine wana hatimkato safi kabisa. Ila ukimuuliza kazi yenyewe ni nini, anakutajia vifaa: simu, kompyuta, dayari.

Namwambia siku hiyo hiyo: kazi yako ni bosi asishtukizwe. Asishtukizwe na mgeni, wala na saa, wala na karatasi, wala na safari, wala na msiba. Na asishtukizwe na wewe. Haya yafuatayo ndiyo ninayowafundisha, kwa mpangilio ninaowafundishia.

Hatua ya 1: Muulize mwenyewe, wiki ya kwanza

Omba nusu saa, mlango ufungwe, uwe na daftari. Usitegemee kuambiwa na aliyekutangulia, maana kila mtu humzoea bosi kwa namna yake. Muulize nani wapite bila kuuliza: mke au mume, mama mzazi, mwenyekiti wa bodi, mwalimu wa mtoto. Majina hayo na namba zao ziandike kwenye karatasi ukae nayo kwenye droo, usiitegemee simu ambayo chaji itakuishia. Muulize akiwa kikaoni apewe habari namna gani: kikaratasi, ujumbe, au umsubiri atoke. Muulize barua zipi unaruhusiwa kujibu kwa niaba yake na zipi hapana. Muulize dawa kama anatumia, na saa ngapi anakula. Wengine wataona haya kuuliza hili la dawa. Uliza. Mkurugenzi wangu wa kwanza alikuwa na sukari, na nililijua hilo siku alipotetemeka mbele ya wageni saa 8 mchana kwa sababu nilimpangia vikao vitatu mfululizo bila chakula.

La mwisho, na ndilo kubwa: muulize anapenda kuletewa habari mbaya vipi. Wapo wanaotaka uingie uiseme palepale, na wapo wanaotaka kwanza uwe umeshajua chanzo na kilichofanyika. Ukikosea hapo, utaanza kumficha mambo bila kujua.

Hatua ya 2: Saa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona kitabu cha uhazili kinachopasema vya kutosha.

Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Simu, tiketi, barua pepe na wageni wa nje wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa 6, na ubaya wake ni kwamba namba zote mbili zinaingia akilini bila kukwaruza. Saa 3 ipo, saa 9 ipo, na zote ni saa za kazi.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa na mgeni aliyekuwa anakuja kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kukagua shehena. Tiketi yake ilisema anatua 9:10. Nikachukua kikaratasi nikamwandikia dereva: "Uwanja wa ndege, mgeni, 9:10." Dereva wetu, mzee wa watu, hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni. Saa 5 asubuhi bosi ananiuliza mgeni yuko wapi. Nikampigia dereva, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, si umeandika saa 9 na dakika 10? Bado mapema." Mgeni alikuwa amekaa kwenye benchi pale uwanjani karibu saa 2 nzima, begi miguuni, hana laini ya simu ya hapa. Alipofika ofisini alinipa mkono na kunishukuru kwa gari. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na nilimwambia bosi hivyo kabla dereva hajaulizwa.

Tangu siku hiyo siandiki saa ya mtindo mmoja peke yake. Naandika zote mbili, kila mahali, hata kwenye ujumbe wa simu: saa 3 asubuhi (09:00), saa 9 alasiri (15:00). Simu na kompyuta naziweka kwenye mtindo wa saa 24. Na ninapomtuma dereva namwomba anirudishie kwa mdomo: "Nikumbushe, unatoka hapa saa ngapi?" Usione unamdharau. Mwambie ni utaratibu wa ofisi, na umfanyie hivyo kila mtu.

Saa za nje nazo zina hesabu yake. Uchina wako mbele yetu kwa saa 5, kwa hiyo ukitaka kumpata mtu wa Guangzhou piga kabla ya saa 6 mchana, ukichelewa amekwenda nyumbani. India wako mbele kwa saa 2 na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayosahauliwa. London tunawatangulia saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wao husogeza saa zao mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Zile wiki mbili za mabadiliko mimi huzitia alama nyekundu kwenye dayari na kuuliza upya kila miadi ya huko.

Hatua ya 3: Panga siku ukijua uko wapi

Dayari ya mkurugenzi wa Tanga haiwezi kufanana na ya mkurugenzi wa London, hata kama wote wanauza mkonge. Ijumaa, kikao cha asubuhi kiwe kimefungwa saa 6 kasorobo. Ukikiachia hadi saa 6 na nusu, adhana itamkuta mtu katikati ya sentensi, nusu ya wajumbe watainuka na nusu watabaki, na mliyokubaliana yatajadiliwa upya Jumatatu. Ramadhani, mambo mazito yawekwe asubuhi watu wakiwa na nguvu, na usimpangie mtu chochote baada ya saa 10 alasiri, maana futari ni saa 12 na nusu hivi na kila mtu anataka awe nyumbani. Siku za Idd zinategemea mwandamo wa mwezi. Mgeni wa nje mwambie mapema kwamba tarehe inaweza kusogea siku moja, kabla hajakata tiketi isiyorudishwa pesa. Zilizobaki zina tarehe zake: 1 na 12 Januari, 7 na 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba, Krismasi na siku inayofuata. Ziandike zote mwezi wa Januari, halafu Pasaka, Maulidi na Idd kwa penseli.

Halafu kuna msiba. Huku pwani aliyefariki alfajiri anaweza kuzikwa baada ya swala ya adhuhuri siku hiyo hiyo, na bosi asipoonekana, hilo watu hawalisahau. Kwa hiyo usijaze siku mpaka pomoni. Mimi huacha saa moja tupu kabla ya chakula cha mchana na nyingine kabla ya saa 10. Habari ya msiba ikija, kabla ya kumwingilia bosi uwe na majibu manne: marehemu ni nani kwake, anaswaliwa msikiti gani na saa ngapi, anazikwa wapi, na matanga yapo nyumba gani. "Ngamiani" haitoshi, sema Barabara ya ngapi. Ukiingia na hayo, yeye anaamua kwa dakika moja. Kwenye kabati la ofisi ninaweka kanzu iliyopigwa pasi na kofia. Bosi wangu wa sasa ni mama, kwa hiyo siku hizi kuna baibui, mtandio na jozi ya kanga. Na bahasha za rambirambi, tupu, kumi.

Hatua ya 4: Mlango

Watu wa Tanga hawaji ofisini kwa miadi tu. Anakuja mzee wa madrasa anaomba mchango wa Maulidi, anakuja binamu ana kijana wake anatafuta kazi, anakuja jirani wa zamani wa Chumbageni anapita tu kusalimia. Usiwachukulie hao kama usumbufu. Ni watu wa bosi kabla hawajawa wako.

Kosa la wanaoanza ni kusema "hayupo" na gari liko nje chini ya mwarobaini. Mzee ameliona. Akitoka hapo anakwenda kusema kwamba fulani siku hizi anajificha, na jina lililochafuka ni la bosi. Simama, msalimu, mpe kiti, ndipo useme. Mimi mazungumzo yangu huwa hivi:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Mkubwa wako yupo?"
"Yupo baba, ila ana kikao, na leo sitaweza kukuingiza. Naomba nikuandikie jina na shida uliyoijia, nitampa mkononi kabla ya adhuhuri."
"Nataka nimwone mwenyewe."
"Najua baba. Akisema mwonane, nitakupigia mimi, nikupe siku na saa. Nipe namba unayopokea."

Halafu andika kweli, mpe kweli, na upige kweli, hata kama jibu ni hapana. Hasa kama jibu ni hapana. Mtu akipigiwa simu kuambiwa haiwezekani huondoka na heshima yake. Anayesubiri wiki tatu bila neno huja siku moja na kuketi mpaka ofisi ifungwe.

Chai iwe tayari. Kama ni asubuhi, mahamri na mbaazi za mama wa jirani hufanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote.

Hatua ya 5: Karatasi

Asubuhi, bosi kabla hajafika, mwekee karatasi moja mezani. Moja tu. Juu, miadi ya leo kwa saa zote mbili na jina la kila mgeni na anachotaka. Katikati, vitu vinavyosubiri sahihi yake. Chini, jambo moja ambalo akilisahau leo litauma. Hiyo ya chini ndiyo inayokufanya uwe msaidizi, maana miadi hata simu inaweza kumkumbusha.

Barua pepe zigawe mafungu matatu: za kujibu yeye, za kuandaliwa jibu na wewe, za kujua tu. Za fungu la pili mwandalie kabisa, asome, akubali, atume. Usitume kwa jina lake kitu ambacho hajakiona, hata akiwa amekupa nywila. Barua rasmi ikiingia, igonge mhuri wa kupokelewa, iandike kwenye daftari la masjala, na kama ina tarehe ya mwisho ya kujibu, tarehe hiyo ihamie kwenye dayari siku tatu kabla yake.

Muhtasari wa kikao uandike siku hiyo hiyo, hata rasimu. Kesho utakumbuka maneno bila uzito wake. Mpangilio unaufahamu: mahudhurio, udhuru, kufungua, yatokanayo, ajenda, maazimio, kufunga. Ninachosisitiza mimi ni kitu kimoja. Tenganisha alichosema mtu na kilichoazimiwa na kikao. "Mjumbe alishauri gari liuzwe" na "Kikao kiliazimia gari liuzwe" ni vitu viwili, na nimewahi kuona gari likiuzwa kwa sababu ya ule wa kwanza. Kila azimio liwe na mtu na tarehe. Azimio lisilo na mtu usilipitishe. Inua mkono hapo hapo, kwa adabu, uulize: "Samahani mwenyekiti, niandike nani atafuatilia?"

Hatua ya 6: Safari

Safari nyingi ni za Dar es Salaam, kilomita 350 hivi. Gari linapita Segera, na vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa na askari wana tochi za kupimia mwendo, kwa hiyo usipige hesabu ya mtu anayekimbia. Swali la kuuliza ni kikao kiko upande gani wa jiji. Kama ni Mikocheni, Masaki au Mwenge, mwambie dereva akate kushoto Msata, ashuke kilomita 64 hadi Bagamoyo, aingie mjini kwa Bunju na Tegeta. Foleni ya Kibaha na Mbezi anaikwepa yote. Kama ni upande wa Ubungo, apite Chalinze. Kikao cha asubuhi alale huko. Cha saa 8 mchana aondoke Tanga baada tu ya swala ya alfajiri, na hapo anakuwa na akiba ya kupumua na kubadili shati.

Kwa ndege ni haraka, lakini hizi ni ndege ndogo, na mzigo mara nyingi ni kilo 15. Makabrasha ya kikao yatume mapema kwa basi au yachapishwe huko huko. Nimeona mkurugenzi akifungua begi kaunta, anachagua kati ya viatu na makabrasha, na watu wanamtazama.

Wizara ziko Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kufika huko mwaka 2024, mimi huwa napenda dereva amshushe bosi Morogoro, apande treni, afike hajachoka. Mpeleke Mombasa na hesabu inageuka: mpaka wa Horohoro ni karibu, ila hapo ni karatasi. Hati za kusafiria za wote, dereva akiwemo, bima ya gari inayotambulika ng'ambo ya mpaka, na kama kadi ya gari ina jina la kampuni, barua ya kuruhusu gari litoke nchini. Zikague siku mbili kabla, kwa macho yako, usiulize kwa simu. Lushoto wakati wa masika mpigie mtu aliyeko juu kwanza, akuambie hali ya ile barabara ya kupanda kutoka Mombo.

Kila safari ina karatasi yake ya mfukoni: anakolala, namba ya mwenyeji, namba ya dereva, nani anamwona na kwa nini. Nakala moja kwa bosi, moja kwa dereva, moja kwako. Ya nne kwa familia, bosi akiridhia.

Hatua ya 7: Pesa

Masurufu, yaani pesa ya ofisi uliyopewa kabla ya matumizi, yarejeshwe ndani ya siku zilizowekwa na ofisi, na kila matumizi yawe na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni. Omba risiti kabla ya kulipa, ukiomba baadaye mashine huwa ina tatizo. Pesa ya bosi binafsi na pesa ya ofisi zikae bahasha mbili, daftari mbili, hata kama anakwambia changanya tu. Kesho wakaguzi hawatamuuliza yeye, watakuuliza wewe.

Kuna ujumbe utakuja siku moja, kwa namba ngeni, ukisema ni bosi, yuko kikaoni, simu yake imeharibika, tuma kiasi fulani kwenye namba hii, haraka. Kanuni yangu haina ubaguzi: bila kusikia sauti yake sitoi hata shilingi. Mwambie bosi kanuni hiyo mapema, aijue, asije akakasirika siku ambayo kweli ni yeye.

Zawadi za wateja, kuanzia kalenda hadi kapu la Idd, ziandike kwenye daftari: nani, nini, lini. Bahasha usiipokee. Mrudishie aliyeileta, palepale, mbele ya mtu.

Hatua ya 8: Siri

Utajua mshahara wa kila mtu, ugonjwa wa bosi, nani anataka kuachishwa kazi. Mji huu ni mdogo. Unayemwambia kwenye foleni ya samaki Deep Sea jioni, ana dada kwenye kampuni ya washindani wenu. Nami sizungumzi kazi kwenye daladala, hata bila kutaja majina, kwa sababu Tanga mtu humtambua mtu kwa gari lake.

Na hili si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za watu zilizoko mezani kwako zinahusika. Nakala za pasipoti za wageni, ambazo wengi wetu tumezoea kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la madereva, ziache. Dereva anahitaji jina, picha kama ipo, na saa. Basi. Ukishamaliza kazi na nakala, futa kwenye simu.

Hatua ya 9: Siku ambayo wewe haupo

Utaugua, utajifungua, utakwenda likizo. Hapo ndipo bosi hushtukizwa na wewe. Anza leo daftari la makabidhiano na uongeze mstari kila unapojifunza kitu. Langu lina kurasa 40 na zaidi. Lina majina ya wanaopita bila kuuliza, funguo za kabati ziko wapi, fundi wa jenereta anayekuja hata Jumapili, mhasibu yupi hupokea simu baada ya saa 11, msikiti gani bosi wa zamani alikuwa akiswali, na mzee yupi ukimwita "ndugu" badala ya "baba" hatakusamehe.

Mwaka jana nililazwa hospitali ya Bombo siku sita. Binti aliyekuwa na miezi miwili kazini alikaa kwenye kiti changu na lile daftari. Siku ya nne alinipigia mara moja tu, kuuliza bahasha za rambirambi nimeziweka droo gani.